Maji kwanza, mbolea baadaye: mwongozo kamili wa unyevu na rutuba ya udongo kwenye shamba la paini

Mipaini ikidumaa, mkulima wa Mufindi, Njombe, Makete au Kilolo huenda moja kwa moja dukani kuuliza mbolea. Mara nyingi fedha hiyo hupotea, kwa sababu mti hautafuni chakula kikavu. Mizizi hunyonya virutubisho vikiwa vimeyeyuka ndani ya maji, na udongo ukikauka, virutubisho hubaki palepale huku mti ukifa njaa. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio ambao huenda hujauzoea: tunatengeneza maji ya shamba kwanza, na mbolea inakuja karibu na mwisho.

Mti tunaouzungumzia hasa ni Pinus patula, paini iliyotoka Mexico ambayo imetawala mashamba ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, likiwemo shamba la Serikali la Sao Hill. Hustawi vizuri kwenye miinuko ya mita 1,500 kwenda juu, penye mvua ya milimita 1,000 au zaidi kwa mwaka. Ukishuka chini ya hapo, joto na ukame huusumbua. Huko fikiria Pinus caribaea au Pinus tecunumanii kabla hujafikiria mbolea yoyote.

Kinachotokea chini ya ardhi kuanzia Juni

Kusini mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo mti huishi kwa akiba iliyobaki udongoni mpaka mvua irudi. Akiba hiyo unaweza kuikadiria. Udongo mwekundu wa huku wenye muundo mzuri hutunza takriban milimita 120 za maji yanayoweza kunyonywa kwa kila mita ya kina. Shamba la paini lililofunga matawi (matawi ya miti jirani yamekutana) hutumia kama milimita 3 kwa siku, yaani 90 kwa mwezi.

Sasa linganisha. Mizizi ikishuka mita 1.5, akiba ni milimita 180, ambayo ni miezi miwili ya ukuaji. Mizizi ikizuiwa na mwamba au tabaka gumu kwenye sentimita 50, akiba ni milimita 60, na inaisha ndani ya siku 20 hivi. Mashamba mawili yanayopakana, yenye mvua ileile na mbegu ileile, yanaweza kupishana kabisa kwa sababu hiyo tu. Mti unapoona maji yanapungua hufunga vinyweleo vya majani ili usikauke. Ukifunga hivyo, hewa ya kutengenezea chakula nayo haiingii, na ukuaji hupungua hadi kusimama.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalitilii maanani. Sehemu kubwa ya mizizi myembamba ya kunyonya, pamoja na naitrojeni na fosforasi, iko kwenye sentimita 20 hadi 30 za juu. Tabaka hilo ndilo hukauka mapema. Mwezi Agosti paini inaweza kuwa inakunywa maji kutoka mita mbili chini, mahali penye maji lakini pasipo na chakula cha maana. Mti unaonekana kijani, lakini haukui.

Virutubisho navyo havisafiri kwa namna moja. Naitrojeni na boroni hubebwa na maji yanayoelekea kwenye mizizi. Fosforasi husogea kwa milimita chache tu kupitia utando wa maji unaozunguka chembe za udongo, na utando huo ukiwa mwembamba, safari inakuwa ndefu zaidi. Ndiyo maana shamba lenye fosforasi ya kutosha kwenye karatasi ya maabara linaweza kuonyesha njaa ya fosforasi kiangazi.

Hatua ya 1: Chimba shimo la uchunguzi kabla ya kununua miche

Kila sehemu ya shamba inayotofautiana (mgongo wa kilima, mteremko, bondeni) ichimbiwe shimo moja la kina cha mita 1.2 hadi 1.5. Kazi ni ya nusu siku, lakini hukuokoa hasara ya miaka 15. Angalia mambo manne:

- Kina cha mizizi ya nyasi na vichaka. Ikiishia ghafla kwenye mstari mmoja, kuna tabaka gumu. Likiwa jembamba, livunje kwa sururu au mtaimbo kwenye kila shimo la mche. Ukikuta mwamba kabla ya kufika kina cha sentimita 50, usipande paini hapo.
- Madoa ya kijivu na ya rangi ya kutu. Yakionekana ndani ya sentimita 50 za juu, maji hutuama hapo wakati wa mvua. Mizizi hukosa hewa, huoza, na kiangazi kikija mti hauna mizizi ya kufuata maji chini. Mti huohuo unateseka kwa maji kuzidi na kwa maji kukosekana.
- Changarawe na mawe. Udongo ambao nusu yake ni changarawe hutunza nusu ya maji.
- Aina ya udongo. Lowesha konzi moja, finyanga, kisha sukuma kati ya kidole gumba na cha shahada. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5 una mchanga mwingi. Ukifika sentimita 5 au zaidi ni mfinyanzi. Kati ya hapo ni tifutifu ya mfinyanzi, na ndio bora.

Maeneo ya vinyungu (bustani za mabondeni zenye unyevu) yaachwe. Pamoja na tatizo la maji kutuama, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, na paini ni shughuli ya kudumu.

Anayetaka kujua unyevu kwa tarakimu anaweza kupima kwa mizani. Chukua udongo kutoka kina unachotaka, upime mbichi, ukaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24, upime tena. Tofauti gawanya kwa uzito mkavu. Gramu 240 zikibaki 200, maji ni 40 kwa 200, yaani asilimia 20 kwa uzito. Zidisha kwa msongamano wa udongo (1.2 kwa udongo mwingi wa huku) upate asilimia 24 kwa ujazo. Kwenye sentimita 30 za juu hiyo ni milimita 72. Kumbuka kwamba sehemu ya maji hayo imeshikwa na mfinyanzi kwa nguvu kiasi kwamba mti hauyapati, kwa hiyo udongo wa mfinyanzi wenye asilimia 20 unaweza kuwa mkavu kwa mti wakati wa mchanga wenye asilimia 12 una nafuu.

Hatua ya 2: Sampuli ya maabara

Kwa kila eneo lenye udongo unaofanana chukua udongo sehemu 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 0–20, kisha rudia kwa 20–40. Changanya kila kina peke yake na ubakize nusu kilo. Maabara za TARI Mlingano (kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hufanya kazi hii. Omba pH (kipimo cha tindikali), kaboni, naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na boroni. Kwa udongo wenye tindikali sisitiza fosforasi ipimwe kwa njia ya Bray.

Majibu yakirudi na pH ya 4.5 hadi 6, usihangaike na chokaa, kwa kuwa paini inapenda udongo wenye tindikali. Tatizo la udongo mwekundu wa namna hiyo ni kwamba chuma na aluminiamu hushika fosforasi na kuifungia, na hilo litaamua jinsi utakavyoweka mbolea.

Hatua ya 3: Kitaluni

Paini haiwezi kujilisha vizuri bila kuvu rafiki wanaoishi kwenye mizizi yake, wanaoitwa maikoriza. Nyuzi zao ni nyembamba kuliko mizizi, huingia kwenye matundu madogo ya udongo na kuleta maji na fosforasi. Hawakuwapo kwenye udongo wa Afrika Mashariki kabla ya paini kuletwa, hivyo inabidi uwapeleke mwenyewe.

Chukua udongo wa sentimita 10 za juu, chini ya takataka za msitu wa paini uliokomaa na wenye afya. Changanya ndoo moja ya udongo huo kwa ndoo nne za udongo wa kitalu. Usiuache juani, kuvu hao hufa. Kiriba kizuri kikifunguliwa baada ya miezi mitano huonyesha nyuzi nyeupe au za kahawia zikizunguka mizizi, na vidole vifupi vya mizizi vilivyogawanyika mithili ya manati.

Makosa mawili huonekana sana vitaluni. La kwanza ni kuongeza majivu au chokaa. pH hupanda, miche hugeuka njano na ugonjwa wa kuoza shina hushamiri. La pili ni kumwaga DAP (mbolea ya naitrojeni na fosforasi) nyingi ili miche iwahi. Mche ulioshiba fosforasi kitaluni haujengi urafiki na kuvu, kisha ukifika shambani unakwama.

Wiki nne hadi sita kabla ya kupanda, anza kuzoesha miche ukame: ondoa kivuli, kata mizizi inayotoka chini ya kiriba, na mwagilia mara moja kila baada ya siku mbili au tatu. Mche unaofaa una urefu wa sentimita 20 hadi 30, shina gumu na mizizi isiyozunguka chini ya kiriba. Mche wa sentimita 50 uliochelewa kitaluni una majani mengi ya kupoteza maji na mizizi michache ya kuyaleta. Ukipewa bure, ukatae.

Hatua ya 4: Kupanda

Mashimo ya sentimita 30 kwa 30 kwa 30 yanatosha kwenye udongo laini. Kwenye nyasi ngumu au ardhi iliyokanyagwa na mifugo fika 45. Weka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine, kisha rudisha wa juu kwanza, uzunguke mizizi.

Siku ya kupanda iamuliwe na udongo, kalenda ni makadirio. Mvua ya kwanza ya Novemba hudanganya watu wengi. Kulowesha sentimita 30 za udongo mkavu kunahitaji milimita 36 hivi, na ukihesabu yanayopotea, subiri hadi zinyeshe kama milimita 50 ndani ya wiki mbili. Chimba kwa jembe. Udongo ukiwa na unyevu hadi sentimita 30, na ukiufinya unashikamana bila kutoa maji, panda. Kwa kawaida hiyo ni Desemba hadi mwisho wa Januari. Mche uliopandwa Machi una miezi miwili tu ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi, na wengi hufa Agosti huku lawama zikiangukia mchwa.

Ondoa kiriba chote. Kata mizizi iliyojizungusha. Panda usawa wa shingo ya mche au sentimita 2 zaidi, kisha kandamiza kwa kisigino, kwa sababu nafasi za hewa hukausha mizizi. Sehemu kavu acha kisahani kidogo kinachokusanya maji, na sehemu zenye maji mengi panda juu ya kituta kidogo. Baada ya wiki sita hesabu miche iliyopona. Ikiwa chini ya asilimia 90, jazia msimu huohuo kabla ya mwisho wa Februari.

Hatua ya 5: Palizi, ambayo ni umwagiliaji wa bei nafuu

Hakuna kazi inayolipa kama hii kwenye miaka miwili ya mwanzo. Mizizi ya nyasi imejaa kwenye sentimita 30 za juu, palepale mche unapotafuta maji, na nyasi huyanyonya mapema kuliko mche. Kufyeka peke yake hakutoshi. Nyasi iliyofyekwa inapata mwanga, inachipua upya na kunywa maji mengi zaidi.

Palilia duara lenye upana wa mita 1 kuzunguka kila mche kwa jembe, usizidi kina cha sentimita 5 ukiwa karibu na shina. Kati ya mistari fyeka tu, ili udongo usichukuliwe na mvua. Nyasi zilizokatwa zitandaze ndani ya duara, ziache sentimita 10 kutoka kwenye shina. Mwaka wa kwanza palilia mara mbili: Februari, na tena Mei mvua zinapoisha. Hii ya Mei ndiyo huachwa na wengi, na ndiyo inayoamua maji ya kiangazi yatakuwa ya nani. Mwaka wa pili rudia Mei.

Ukichanganya mazao, maharage ni rafiki zaidi kuliko mahindi. Mahindi yawe mita 1 kutoka kwenye mche, na mabua yabaki shambani.

Hatua ya 6: Soma mti kabla ya kusoma mfuko wa mbolea

Angalia mwezi Aprili au Mei, wakati udongo bado una unyevu. Dalili zinazoonekana Septemba tu mara nyingi ni za ukame.

Njaa ya naitrojeni hufanya majani yote (yale membamba kama sindano) yawe mafupi na ya kijani kilichopauka, mti mzima kwa usawa. Fosforasi ikipungua, majani huwa mafupi, rangi imefifia, na ya zamani hudondoka mapema hadi unaona anga kupitia mti. Upungufu wa magnesiamu huonekana kama ncha za njano ya dhahabu kwenye majani ya zamani, huku sehemu ya jani iliyo karibu na tawi ikibaki kijani.

Boroni inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoharibu mbao. Haihami kwa urahisi kutoka kwenye majani ya zamani kwenda kwenye machipukizi, hivyo ncha ya mti huitegemea ile inayoletwa na maji kila siku. Kiangazi kirefu kikikata maji, ncha hupinda, hutoa utomvu na kufa. Mvua zikirudi matawi mawili matatu hushindana kuwa kilele. Baada ya miaka miwili ya hali hiyo mti ni kichaka chenye shina la zigizaga. Ugonjwa huo umeonekana kwenye mashamba ya paini na milingoti (mikaratusi) katika nchi nyingi za nyanda za juu za Afrika.

Usichanganye na mvua ya mawe. Mawe huacha majeraha upande mmoja wa shina, kisha kuvu wa Diplodia huingia na kuua ncha ndani ya wiki chache. Pasua ncha iliyokufa: penye njaa ya boroni kiini cha ndani kina mabaka ya kahawia na hakuna majeraha ya nje.

Kwa uhakika, pima majani. Chukua majani yaliyokomaa ya msimu huu kutoka theluthi ya juu ya miti 20, upande unaopata jua. Viwango vinavyotumika kwa jamii ya paini kama alama ya upungufu ni naitrojeni chini ya asilimia 1.2, fosforasi chini ya 0.12, potasiamu chini ya 0.3, magnesiamu chini ya 0.07, na boroni chini ya miligramu 8 kwa kilo.

Hatua ya 7: Mbolea, kama bado inahitajika

Fosforasi ndiyo inayojibu zaidi kwenye udongo mwekundu. Weka TSP (mbolea ya fosforasi) gramu 50 kwa mche ndani ya mwezi mmoja baada ya kupanda, ukishapalilia. Chimba vishimo viwili vya kina cha sentimita 10, kila upande kimoja, sentimita 20 kutoka kwenye mche, gawanya humo na ufukie. Kuiweka kwa rundo ni makusudi: mbolea iliyotawanyika hugusana na udongo mwingi na kufungwa haraka. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, miche ni 1,111 kwa hekta au 450 kwa eka, hivyo unahitaji kilo 56 kwa hekta, au 22.5 kwa eka. Pima gramu 50 kwenye mizani ya duka mara moja, weka alama kwenye kikombe, na kila mfanyakazi atumie kikombe hicho.

Fosfati ya Minjingu nayo inafaa kwa sababu tindikali ya udongo huiyeyusha polepole. Tumia gramu 100 hadi 150, na hii ichanganye na udongo wa shimo wakati wa kupanda.

Boroni weka kwa uangalifu mkubwa: kati ya kiasi kinachotosha na kinachodhuru hakuna umbali. Boraksi ya kawaida ina boroni asilimia 11. Gramu 10 kwa mche wa mwaka wa kwanza, gramu 20 kwa mti wa miaka miwili au mitatu, imwagwe kwa duara sentimita 30 hadi 50 kutoka kwenye shina. Usiiweke kamwe ndani ya shimo la kupandia. Weka Januari au Februari ili mti uwahi kuinyonya. Ncha za majani ya zamani zikiungua kahawia baada ya kuweka, umezidisha. Mvua huisafirisha chini, hivyo pima majani tena baada ya miaka mitatu.

Urea na CAN, ambazo ni mbolea za naitrojeni, ziache mwaka wa kwanza, kwani hulisha nyasi, na nyasi hunywa maji ya mche. Shamba lililokuwa la miwati lina naitrojeni ya kutosha iliyoachwa na mizizi yake. Na urea iliyomwagwa juu ya udongo bila kufukiwa, sehemu yake hupotea hewani kama gesi ya amonia.

Hatua ya 8: Nafasi

Kupanda mita 2 kwa 2 ni miti 2,500 kwa hekta ikigawana akiba ileile ya maji. Matawi yakifunga, sehemu ya mvua hunaswa juu na kukauka bila kugusa ardhi. Miti huwa mirefu na myembamba, na iliyo dhaifu hushambuliwa na vidukari. Kwa shamba la 3 kwa 3 punguza mwaka wa 8 hadi 10, ubakize miti 650 hivi, ukiondoa iliyopinda, yenye vilele viwili na iliyozidiwa. Matawi ya miti iliyokatwa yabaki chini. Ikiwa una mbolea moja tu ya kuipa miti mikubwa, ni kupunguza huku.

Hatua ya 9: Baada ya kuvuna

Mbao zenyewe hubeba virutubisho vichache. Vingi viko kwenye majani, matawi membamba na magome. Ukichoma, naitrojeni huenda na moshi, na majivu yenye fosforasi na potasiamu husombwa na mvua ya kwanza kwenye mteremko. Msitu wa Usutu nchini Eswatini, ambako Pinus patula imefuatiliwa kwa mizunguko mitatu ya kupanda na kuvuna, ulionyesha kwamba ukuaji unaweza kudumu bila kushuka, isipokuwa kwenye udongo uliotokana na mwamba wa gabro, ambako fosforasi ilipungua.

Panga matawi kwa mistari inayokinga mteremko, na panda katikati ya mistari hiyo. Karibu na mipaka na barabara za moto ondoa mabaki kwa upana wa mita 10, kwani moto wa jirani ni hatari ya kweli. Magome mwambie mwenye dingidongi (mashine ndogo ya kupasulia mbao) ayaache yametapakaa shambani. Maranda ni habari nyingine: vijidudu vinavyoyaozesha hukopa naitrojeni ya udongo, na miche iliyo karibu hugeuka njano. Rundo lake likae pembeni mwaka mzima, likigeuzwa na kuchanganywa na samadi, kisha mboji yake itandazwe kwenye maduara ya palizi ya Mei.